Mtandao Uliopita Juu ya Malori

Watu wengi wa Mbozi walimjua Edina Nzunda kwa sauti kabla hawajamwona sura. Miaka ya themanini alikuwa opereta wa simu pale Vwawa, msichana wa Ihanda aliyemaliza kidato cha nne na kupata kazi serikalini mwaka huohuo. Kazi yake ilikuwa kuchomeka waya kwenye tundu, kuiita Mbeya, kusubiri Mbeya nayo iite Dar es Salaam au Lusaka, kisha kumwambia mtu aliyesimama kibandani, "Ongea sasa, laini iko wazi." Dakika tatu zikiisha alisema, "Muda umekwisha," akachomoa. Hakuwa na roho mbaya. Laini ya kutoka wilayani ilikuwa moja, na foleni ya wanaoisubiri ilifika nje hadi kwenye mikaratusi.

Katikati ya miaka ya tisini mambo yakabadilika. Shirika la posta na simu likagawanywa, ikaja mitambo isiyohitaji opereta, na Edina akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Mumewe, Boazi, alitaka arudi nyumbani walime kahawa.

"Kahawa unaiweza mwenyewe," Edina alimwambia. "Niache nijaribu Tunduma mwaka mmoja."

Mwaka huo haukuisha. Kwa kiinua mgongo chake alifungua kibanda cha simu na faksi karibu na mpaka, akakaa humo wiki nzima na kupanda gari la Ihanda kila Jumamosi. Watu wakazoea kumwita Mama Lwitiko, kwa jina la binti yake wa kwanza. Simu za mkononi zilipoingia, kibanda kikadorora hadi ikapita siku nzima bila mteja hata mmoja. Edina hakukaa kukilalamikia. Alinunua kompyuta zilizotumika, akajifunza kuzitumia kwa kuziharibu na kuzitengeneza, akapaka bango upya. Kufikia mwaka 2013 duka lake lilikuwa linatoa fotokopi, linachapa barua, na lina intaneti nzuri kuliko zote za barabara ile, maana kampuni moja ya Mbeya ilikuwa imemvutia laini moja kwa moja kutoka kwenye mnara wake.

Intaneti hiyo ndiyo iliyomletea mawakala wa forodha. Nyaraka za mizigo zilikuwa zimeanza kutumwa kwa kompyuta, na wakala asiye na intaneti alikuwa hana kazi. Walijaribu zile modemu za kuchomeka, zikawa zinakokota. Basi wakawa wanakimbilia kwa Mama Lwitiko, wanabanana kwenye viti, simu sikioni, dereva wa lori amesimama mlangoni anauliza kama bado.

Aliyechoka mapema kuliko wote alikuwa Faudhia, mwanamke mwenye ofisi yake mwenyewe, mwepesi wa maneno, aliyekuja Tunduma akiuza vitenge na kuishia kuwa wakala anayeaminiwa na matajiri wa malori hadi Lubumbashi. Yeye na Edina walikuwa wamezoeana kiasi cha kugawana chakula cha mchana.

"Dada, mimi nitavuka barabara hii mpaka lini?" alisema siku moja akijifuta vumbi. "Hiki kitu chako si kinapita hewani? Kirushe kifike mezani kwangu. Tuko mawakala mstari mzima pale chini. Tutakulipa kwa mwezi, wewe ukae hapa upoe."

Edina alicheka, lakini maneno yale hayakumtoka kichwani. Wiki iliyofuata alimpigia Venance, fundi wa Mbeya aliyekuwa akimtengenezea kompyuta, kijana wa chuo cha ufundi ambaye kazi za minara alikuwa amezifanya kweli.

Venance alikuja na begi zito. Alimweleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua visanduku vya kawaida vya ndani, vile vinavyouzwa kila duka la simu, kuvifungia antena ndefu na kuviweka juu ya bati ndani ya boksi la plastiki. Ni rahisi, na kikiharibika unanunua kingine mtaani. Ya pili ni vifaa vilivyotengenezwa kukaa nje, kila kimoja na kisahani chake, vinavyopokea umeme kwa waya uleule unaobeba intaneti. Mafundi waliviita redio, ingawa havikuimba wala kutangaza habari. Hivyo vilipatikana Dar es Salaam, na bei yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Wewe ungechukua vipi?" Edina aliuliza.

"Mimi ningechukua vya nje, Mama. Lakini si mimi ninayetoa hela."

"Basi tuazime vyote viwili, tujaribu."

Wakapatana wajaribu Jumapili, baada ya ibada, duka likiwa limefungwa. Venance alipanda juu ya bati la duka, Edina akashuka na kompyuta mpakato hadi ofisini kwa Faudhia, upande wa pili wa barabara, karibu na geti. Kisanduku cha ndani kiliwatesa. Kilishika, kikaachia, kikashika tena. Edina alipofungua orodha ya mitandao aliona majina mengi asiyoyajua. Mengine yalikuwa ya gesti za Nakonde, ng'ambo ya mpaka, maana masafa yale kila mtu aliyatumia na hewa haina geti. Redio za nje zilikuwa za masafa mengine, ya juu zaidi, na huko kulikuwa kimya. Zilipoonana tu, picha ikafunguka kabla Edina hajatoa kidole.

"Hizi," alisema Faudhia, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kanga mabegani. "Wala usinionyeshe nyingine."

Wakaagiza redio za nje. Zilipofika, Venance alizifunga kwa siku chache tu, moja juu ya duka kwenye bomba fupi, nyingine chini ya paa za ofisi za mawakala. Jumatatu asubuhi mtandao ulifanya kazi vizuri. Jumatatu mchana ukakatika.

Ulirudi wenyewe, ukakatika tena. Venance alibadilisha waya. Akabadilisha kifaa cha umeme. Akabadilisha masafa, akampigia muuzaji Dar es Salaam wakagombana, akapanda na kushuka ngazi hadi suruali ikachanika gotini. Mtandao ukawa unaweza kukaa asubuhi nzima bila tatizo, halafu unazimika kwa Faudhia peke yake huku jirani zake wanaendelea, kisha inakuwa kinyume chake.

"Dada, una mapepo huu mtandao wako," Faudhia alisema mwanzoni, akitabasamu. Wiki ya pili alikuwa hatabasamu tena. Lori la mteja wake mkubwa lilikuwa limelala getini kwa sababu nyaraka zilikwama katikati, na mteja alikuwa amempigia simu kwa maneno ambayo Faudhia hakutaka kuyarudia. Alikuja dukani wakati wateja wamejaa.

"Mimi nilikuamini," alisema. "Niliwaambia wenzangu wote wakuamini. Sasa wananiangalia mimi."

"Nipe siku kidogo, mdogo wangu. Tunatafuta."

"Tafuteni. Mimi nimeongea na jamaa wa dishi la setilaiti. Kesho anafunga."

Edina alimtazama akivuka barabara, akizunguka lori moja na kupotea nyuma yake.

Siku ya pili yake Edina alimwambia Venance apande juu ya bati akae hukohuko, macho kwenye kipimo, yeye akashuka kwenye ofisi za mawakala akiwa na simu sikioni. Kukaa kwenye laini na kusikiliza ilikuwa kazi aliyoijua.

"Ikoje?"

"Nzuri."

"Sasa?"

"Nzuri... Mama, imeshuka. Imekufa."

Edina aligeuka kutazama duka lake. Hakuliona. Kati yake na duka lilikuwa limesimama lori la kontena, la bluu, dereva ameegemea mlango anakula muhindi. Foleni ikasogea, lori likasogea nayo.

"Imerudi," Venance alisema.

"Usishuke."

Likaja lingine. Ikafa. Likapita. Ikarudi. Edina alisimama palepale kando ya barabara akitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Siku ile ya majaribio foleni haikuwepo. Ilikuwa Jumapili, na madereva walikuwa wameegesha huko nyuma, eneo la Mpemba, wakisubiri Jumatatu. Wao wawili walikuwa wamehangaika kwa wiki nzima kuchagua redio, na redio hazikuwa na kosa lolote. Zilihitaji kuonana tu, na kila kontena lililosimama lilikuwa ukuta wa chuma wenye urefu uleule wa bomba lao.

"Nilitakiwa kuliona hilo," Venance alisema aliposhuka, amekaa juu ya ndoo, ameinamisha kichwa. "Nimefunga minara mimi."

"Na mimi nimekaa barabara hii karibu miaka ishirini," Edina alimjibu. "Tuondoke hapa. Tunahitaji mahali pa juu."

Mahali pa juu palionekana kutoka mlangoni pa duka. Nyuma ya soko palikuwa na mwinuko, na juu ya mwinuko palikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma iliyozungukwa na shamba dogo la mahindi. Ilikuwa ya mama mmoja mjane, Enesi Simfukwe, Mnamwanga wa palepale. Ukisimama uani kwake uliona duka, uliona paa za mawakala zote, uliona hadi Nakonde, na malori yalikuwa chini kama mabati yaliyolazwa.

Edina alikwenda peke yake, na kilo ya sukari kwenye mfuko. Alimkuta Mama Enesi anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, mukwai, kaa hapo," alijibu, akimwita kwa neno la heshima la kwao.

Edina alikaa akaanza kueleza habari ya nguzo na ofisi za kule chini. Hakufika mbali. Mama Enesi aliacha kuchambua, akamtazama mdomoni.

"Sauti hii naijua," alisema. "Wewe ulikuwa posta ya Vwawa. 'Muda umekwisha.' Ni wewe!"

"Ni mimi, Mama," Edina alisema, akitabasamu kwa kudhani amepata mwenyeji.

"Ulinikatia mwanangu."

Tabasamu likamwishia. Mama Enesi alieleza bila kupaza sauti, mikono imerudi kwenye maharage. Mwanawe, Ezron, alikuwa Kitwe, migodini. Alituma salamu kwa dereva kwamba ana habari, mama apige simu kwenye namba fulani ya ofisini kwao. Mama akapanda gari hadi Vwawa, akasubiri tangu asubuhi. Ezron akamwambia kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume. "Nikamuuliza, mmempa jina gani? Akafungua mdomo. Wewe ukasema muda umekwisha. Miezi mizima mimi sijui mjukuu wangu anaitwaje. Watu wananipongeza, wananiuliza jina, nasema sijui. Nilionekana kichaa."

Edina alijaribu kukumbuka, akashindwa. Sura zilikuwa nyingi mno, na sauti zaidi. Angeweza kusema kwamba laini ilikuwa moja na kanuni hazikuwa zake, na ingekuwa kweli, lakini aliona hilo halitamsaidia mama huyu kitu.

"Pole, Mama. Unisamehe."

"Alipewa jina gani, hutaki kujua?"

"Nataka."

"Amoni. Sasa hivi ana ndevu." Akacheka kidogo kwa pua. "Haya, hiyo nguzo yako. Radi itakuja?"

"Nguzo ni ndefu, na hapa ni juu. Tutaweka kinga, waya wa shaba hadi ardhini, na tutaisimika mbali na nyumba. Lakini siwezi kukuapia kwamba radi haitapiga."

"Walikuja watu wa mnara wa simu kabla yako, wakaniapia kila kitu, sikuwaamini." Akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Nataka taa jikoni. Umeme hapa haujafika. Kama mtambo wako una umeme wake, utanipa na mimi."

Edina alirudi na sharti hilo, na Venance akashika kichwa. Mtambo wa kule juu ungeendeshwa na paneli ya sola na betri, na hesabu yake ilikuwa ya mtambo peke yake. "Taa itanyonya betri, Mama. Mvua za Januari, jua halionekani, mtandao utazimika alfajiri."

"Basi chukua paneli kubwa zaidi. Bila taa hatuna kilima."

Hapo ndipo walipoanza kuchagua vifaa upya, na safari hii walibishana kwelikweli. Kwa kilimani walihitaji antena pana, inayomwaga mawimbi kwenye paa zote za mawakala kwa pamoja, na redio ya kuiendesha. Venance alitaka redio moja ya nguvu, ya kampuni yenye jina, inayoweza kuhudumia ofisi nyingi bila kuchoka. Edina alitaka mbili za kawaida kwa bei hiyohiyo, moja ifungwe na nyingine ikae dukani kwenye kabati.

"Ya kawaida itazidiwa," Venance alisema. "Saa za mchana, wote wakituma pamoja, itakuwa inakokota."

"Hiyo ya nguvu ikiungua?"

"Tunaagiza nyingine Dar."

"Na wakati tunaisubiri, mawakala watumie nini?"

Edina akamweleza jinsi kule Vwawa kifaa kimoja kidogo kuliko kiganja kilivyowahi kufa, wilaya nzima ikawa bubu hadi gari la Mbeya lilipopata mafuta ya kuleta kingine. Watu walikuja na habari za misiba wakarudi nazo. "Mtu anaweza kuvumilia kukokota," alisema. "Kuzimika hawezi."

Wakachukua mbili za kawaida. Walisimika nguzo nyuma ya jiko la Mama Enesi, karibu kuliko Edina alivyoahidi, ili waya wa taa uwe mfupi; Venance akachimbia fimbo ya shaba na kuimwagia maji ya chumvi, wakafunga paneli kubwa juu ya bati, na mama akapata taa yake. Mtandao ukawaka ukakaa. Malori yalipanga foleni, yakaondoka, mengine yakaja, na hakuna aliyejali tena yamesimama wapi. Saa za mchana ulikokota kama Venance alivyosema, na mawakala walilalamika, na Edina aliwaambia ukweli kwamba ndivyo utakavyokuwa.

Faudhia hakurudi. Alikuwa amejifunga mkataba wa mwaka na mtu wa dishi. Walipokutana barabarani walisalimiana kama watu wa ofisi, na Edina alirudi dukani akala chakula chake peke yake.

Mvua zilipochanganya, radi ilipiga mchana wa Alhamisi. Edina aliisikia akiwa dukani, na mara hiyohiyo taa za mtandao zikazimika. Alichukua mwavuli na redio ya kabatini, akapanda mlima kwenye tope. Haikuwa imepiga nguzo yenyewe. Ilipiga mti wa jirani, lakini umeme wake ulipita kwenye waya, ukaunguza kinga, redio na taa ya jikoni. Nyumba ilikuwa salama. Mama Enesi alikuwa amekaa kitandani, amejifunika shuka hadi shingoni.

"Ondoa," alisema. "Ondoa kitu chako leo hii."

"Nitaondoa, Mama."

Hakumbembeleza. Alimpigia Venance, ambaye kwa bahati alikuwa Vwawa, akamwambia aje na spana. Alipofika, mvua ilikuwa imekatika. Walianza kulegeza nati za paneli. Mama Enesi alitoka, akasimama mlangoni mwa jiko akiwatazama.

"Na taa?"

"Taa inatumia betri ya mtambo, Mama," Edina alisema. "Vinaondoka pamoja."

Mama aliangalia ndani ya jiko, palikuwa na giza kama zamani. Akanyoosha kidole shambani. "Si mngeipeleka nguzo kule mwisho wa mahindi? Mbona mliniwekea jikoni kabisa, kama mwiko?"

Wakaihamisha hadi mwisho wa mahindi. Kinga mpya iliyokuwa begini mwa Venance ilifungwa, taa ikabadilishwa, redio ya kabatini ikapanda, na kabla jua halijazama mawakala walikuwa wanatuma nyaraka. Venance alishuka ngazi akajipangusa mikono. "Ya kubadilisha ile ya nguvu saa hizi ingekuwa bado Dar," alisema tu, na Edina akampa muhindi wa kuchoma aliopewa na mama.

Radi hiyo ilimleta Faudhia pia. Dishi lake lilikuwa linalegea kila wingu likizidi, na tangu Alhamisi lilikuwa kimya kabisa. Asubuhi ya Ijumaa alisimama mlangoni mwa duka na faili kifuani, kama mgeni.

"Kuna kompyuta?"

Edina alivuta kiti, akakifuta kwa kiganja. "Kaa. Umekunywa chai?"

"Bado."

Akamtuma mtu akalete chapati. Faudhia alituma nyaraka zake, akanywa chai, akaanza kusimulia kisa cha dereva mmoja wa Ndola aliyegombana na mkewe kwa simu mbele ya maafisa wote wa geti, na wote wawili wakacheka hadi wateja wakageuka. Habari ya mkataba haikuzungumzwa. Ulipokwisha, Faudhia alimwita Venance mwenyewe aje afunge redio kwenye ofisi yake.

Mwaka 2015 wachimbaji walipita mbele ya duka wakilaza mkonga wa intaneti ardhini, na ofisi kubwa za mpakani zikaanza kuunganishwa kwa waya moja baada ya nyingine. Mawakala wa Edina wakapungua. Boazi alimpigia kutoka Ihanda akamuuliza kwa upole kama sasa atarudi.

"Bado kidogo," Edina alijibu.

Kulikuwa na barua ya kuomba mtandao kutoka Chitete, yaliko makao ya wilaya mpya ya Momba. Ofisi zilikuwepo, kompyuta zilikuwepo, mkonga haukuwepo wala haukutarajiwa karibuni. Yeye na Venance walifunga redio kwenye blanketi wakapanda pikapu ya kukodi, wakashuka bondeni kwa ile barabara inayochosha mgongo. Karani aliwapokea na kuwaonyesha kilima kwa mbali, juu yake pana boma la mfugaji mmoja, Jilala, na ng'ombe wake wametapakaa mteremkoni.

"Mtandao unaweza kutoka kule ukafika hapa?" karani aliuliza.

Edina alikinga macho kwa mkono, akatazama kilima, akatazama miti iliyokuwa katikati.

"Sijui," alisema. "Ngoja tupande tukaone."